Kabla Mti Haujazunguka

Mkereza mzoefu huichagua mashine ya kukereza kwa masikio. Gerezani, Dar es Salaam, ambako vyuma vya zamani hupangwa nje vikilala na jua na mvua, fundi mmoja aliipita mashine iliyopakwa rangi mpya ya kijani akaenda kusimama mbele ya nyingine, nzito, yenye kutu, isiyo na mota wala mkanda. Hakuuliza bei. Aliuzungusha mhimili wake kwa kidole kimoja, taratibu, akainama na kusikiliza, kama mtu anayechagua nazi kwa kuitikisa sikioni. Beringi nzima haisemi kitu. Iliyochoka hukwaruza. Iliyokufa hukamata mahali pamoja kwenye mzunguko, ikaachia, ikakamata tena. Hii ilikwaruza kidogo upande wa nyuma, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Beringi inanunuliwa dukani. Alichokuwa akikitafuta ni ubovu ambao dukani hauna dawa.

Kwa miaka mingi mtu huyu amekereza kwa mashine za wenziwe. Pale Keko, alikofanya kazi, si kila seremala ana mashine yake. Wengi huranda miti yao iwe mraba, wakaipeleka kwa mwenye mashine na kulipia kwa hesabu ya miguu. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama nyuma ya mashine hizo, akikereza miguu ya meza ambayo hakuiona tena. Sasa anataka yake, nyumbani Tandika, katika banda la mabati alilolijenga uani. Anajua atakachokereza: miguu ya meza na ya vitanda, nguzo za ngazi, vifimbo vya kusukumia chapati, na siku oda zikipungua, bakuli za mwembe.

Kazi hizo ndizo zilizomchagulia mashine. Mguu wa meza ya kulia ni inchi 28 au 29. Ukiongeza masalio ya kukatwa huku na huku, gongo linafika 30 na ushei. Nguzo ya ngazi huenda hadi 36. Kwa hiyo nafasi kati ya ncha mbili za mashine, ile ya kichwani inayozungusha mti na ile ya mkiani inayoushikilia, isipungue inchi 40. Nguzo ya kitanda cha besera inayozidi hapo hukerezwa vipande viwili vikaungwa kwenye pete ya nakshi, mahali ambapo jicho halitafuti kiungo. Kipimo cha pili ni kimo, kutoka katikati ya mhimili hadi kwenye reli. Hapa palikuwa na inchi 6, yaani panapita duara la inchi 12. Wauzaji huipenda sana namba hiyo. Hawasemi kwamba kiegemeo cha patasi nacho kina mguu unaokaa juu ya reli, na gongo refu likipita juu ya mguu huo, inchi kadhaa za duara zimekwisha. Fundi aliupima mguu wa kiegemeo kabla ya kupima kingine chochote.

Dalali alijaribu kumrudisha kwenye ile ya kijani. Ni mpya, ina swichi yake, kasi inapandishwa kwa kuzungusha kitufe. Fundi aliishika kichwani, akaisukuma, akaivuta. Reli zake zilikuwa bomba mbili za chuma chepesi, zikanesa.

"Mzee wangu, hii unachomeka tu umeme inaanza kazi."

"Mwanangu, itaanza kazi kabla yangu," fundi akamjibu, akarudi kwenye kutu yake.

Uzito aliokuwa akiulinda una sababu. Gongo la mti halijawahi kuwa na uzito sawa pande zote: huku kuna kiini, kule kuna utomvu uliokauka, upande mmoja mzito kuliko mwenzake. Likizunguka mara 1,000 kwa dakika, upande huo mzito huisukuma mashine karibu mara 17 kila sekunde. Chuma chepesi huitikia kila msukumo. Chuma cha kusubu hakiitikii, kwa kuwa sehemu kubwa ya kaboni iliyomo imejitenga ndani yake katika vipande vyembamba vya grafiti, na vipande hivyo huumeza mtetemo. Kasoro yake ni kwamba hakijui kupinda, kikizidiwa hupasuka. Ndiyo maana fundi aliigonga reli kwa nyundo ndogo kuanzia kichwani hadi mkiani, shubiri kwa shubiri. Chuma kizima hulia. Chenye ufa, hata uliofukiwa kwa rangi, hutoa mlio uliozibwa.

Kisha akaingiza kidole cha mwisho ndani ya tundu la mhimili. Tundu hilo linachongoka kuelekea ndani, na chombo cha kuzungushia mti hukaa humo bila skrubu wala pini, kwa kubanana tu. Mmarekani Stephen Morse ndiye aliyeweka vipimo vya michongoko hiyo katika miaka ya 1860, na mpaka leo mashine za ulimwengu mzima hutaja jina lake na namba. Hii ilikuwa Morse namba 2, yenye mdomo wa karibu milimita 18, ikipungua kama inchi 5/8 kwa kila futi. Ni upungufu mdogo mno, na udogo huo ndio unaoshika. Lakini mtu aliyewahi kuacha chombo kikazunguka peke yake ndani ya tundu huacha michirizi, na tundu lenye michirizi halishiki tena. Kidole kilitoka na grisi nyeusi. Akakifuta kwa tambara, akakirudisha, akapapasa duara zima. Laini. Akaangalia hesi za nje ya mhimili, zile zinazobeba sahani ya kukerezea bakuli: inchi moja, nyuzi nane kwa inchi. Ukubwa huo unapatikana. Mashine yenye hesi za ajabu huwa rahisi siku ya kuinunua, halafu kila sahani inabidi ichongwe na fundi chuma.

Bei walielewana wamesimama. Mpwa wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye ndiye atakayefundishwa kazi, alitafuta gari dogo la mizigo, Kirikuu, mashine ikafunguliwa vipande, na reli zikabebwa na watu wanne.

Nyumbani kutu ilitoka kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, na mahali pa kuteleza pakasuguliwa kwa msasa laini uliolowekwa oili. Nta ya nyuki ikafuata. Dar es Salaam upepo wa bahari hauna simile kwa chuma kilicho wazi. Ukilala siku mbili bila kukifuta, unaamka na vidoa vyekundu. Beringi mbili mpya zikaingia kichwani. Hakuzigonga kwa nyundo moja kwa moja. Alizisukuma kwa kipande cha bomba kinachogusa pete ya ndani peke yake, kwa sababu nguvu ikipitia pete ya nje inaacha alama kwenye njia ya gololi, na beringi mpya inakuwa kuukuu kabla haijazunguka.

Banda lilikuwa na sakafu ya udongo. Fundi alichimba mahali pa mashine tu, akamwaga zege la inchi 6 na kuliacha likae, akilimwagia maji asubuhi na jioni. Stendi aliitengeneza kwa mbao nene za mkongo, miguu imepanuka chini, na katikati sanduku lililofungwa pande zote. Sanduku hilo lilikuwa la mchanga. Debe moja la lita 20 la mchanga mkavu lina kilo kama 30, na sanduku lilimeza madebe sita. Kijana alipendekeza waukusanye ufukweni, ni bure.

"Mjomba, ule una chumvi. Utakula bolti zangu kwa ndani nisione," fundi akamjibu.

Ukaletwa wa mtoni, ukaanikwa juu ya turubai hadi ukawa unamwagika kati ya vidole bila kushikamana.

Kimo cha mashine huamuliwa na kiwiko. Mkereza akisimama wima na kukunja mkono, katikati ya mhimili panatakiwa pakutane na kiwiko chake, au pazidi kidogo. Ikiwa chini, mgongo unainama, na ifikapo adhuhuri mtu anakereza kwa maumivu. Ikiwa juu, mabega yanapanda na mkono unachoka. Nimeona karakana nyingi ambamo mashine imekaa pale tu stendi iliyonunuliwa ilipoiweka, na wafanyakazi wote wanatembea wakishika viuno. Hapa palikuwa na viwiko viwili visivyolingana, maana kijana ni mrefu kumzidi mjomba wake kwa nusu kichwa. Fundi aliiweka mashine kwa kiwiko cha kijana, kisha akajitengenezea jukwaa la fito za kusimamia. Jukwaa hupunguzwa, akaeleza, lakini mtu mrefu huwezi kumchimbia shimo.

Kazi iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko zote, na mpita njia asingejua kwamba ni kazi. Fundi aliweka pimamaji juu ya reli, kwa mapana, karibu na kichwa. Tone la hewa likatulia katikati. Akaihamishia mkiani. Tone likaenda kulia, kiasi cha unywele. Wengi huishia hapo na kusema inatosha. Kwa kweli mashine ya kukereza haijali sana kulala sawasawa na maji. Inaweza kuinamia upande mmoja na ikafanya kazi miaka yote. Isichokisamehe ni kusokotwa. Reli zikikazwa juu ya stendi isiyo sawa, chuma chote hicho kizito kinakubali kupindika kwa kiasi kisichoonekana, na ncha ya mkiani inahama kutoka kwenye mstari wa ncha ya kichwani.

Akachukua fito mbili za mninga alizozipiga randa mwenyewe hadi kingo zikanyooka. Moja akailaza kukingama reli upande wa kichwa, nyingine upande wa mkia. Akachuchumaa, akafumba jicho moja, akautazama ukingo wa fito ya karibu ukipita juu ya ule wa mbali. Reli zikiwa sawa, kingo mbili huonekana sambamba. Hizi hazikuwa sambamba. Alilegeza bolti ya pembe moja, akatia kipande cha bati la kopo la maziwa, akakaza, akachuchumaa tena. Sasa zimepinda upande wa pili. Akakitoa, akakata kipande kutoka kopo la soda, ambalo ni jembamba karibu nusu ya lile la maziwa. Akakaza. Akatazama. Akahamia pembe nyingine. Hakuwa na haraka wala hakuonyesha kuudhika. Kila mara alikaza bolti zote nne kwa mpangilio uleule, za kukingamana kwanza, kwa sababu ukibadilisha mpangilio huwezi kujua kilichobadilika ni bati au mkono wako. Jua lilihama kutoka mlangoni hadi ukutani. Kijana, ambaye mwanzoni alishika spana kwa hamu, alikaa chini, halafu akasimama, halafu akaomba kutazama mwenyewe kwa jicho moja. Fundi alimpisha. Hapo nilijua kwamba huo muda wote alikuwa akimngojea aombe.

Fito zilipokubaliana, zikaja ncha. Akachomeka ncha ya kichwani, akausogeza mkia hadi ncha yake ikakaribia kugusa, na katikati yao akatia wembe. Akaukaza mkia polepole hadi wembe ukashikwa hewani na ncha mbili. Zikiwa zimekutana barabara, wembe husimama mraba. Moja ikiwa pembeni, hata kwa upana wa uzi, wembe hulala. Huu ulilala kidogo kuelekea dirishani. Akalegeza bolti za kichwa, akakigonga kwa kipande cha mti, si kwa nyundo, mara moja, akakaza, akajaribu. Akagonga tena, nusu ya nguvu ile. Wembe ukasimama.

Faida yake haionekani kwenye mguu wa meza, ambao utavumilia kasoro ndogo ya ncha. Inaonekana anapotoboa kwa keekee iliyoshikwa mkiani, tundu linapotakiwa lifuate kiini cha mti kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mpingo wa Kilwa unaokwenda kuwa klarineti na zumari za Ulaya huanza kwa kutobolewa hivyo. Ni mti unaozama majini kwa uzito wake, na bei yake haimruhusu mtu kukosea tundu. Fundi huyu hana oda ya zumari. Mashine yake, hata hivyo, sasa ingeweza kuipokea.

Umeme aliupita kwa haraka, nami nitafanya vivyo hivyo. Mashine hiyo iliundwa kwa mota ya fezi tatu. Nyumba ina fezi moja, volti 230. Alinunua mota ya fezi moja, nguvu ya farasi mmoja, yaani wati 746, ambayo ikibanwa kweli hula karibu uniti moja ya LUKU kwa saa. Waya wa ethi ulifungwa kwenye mwili wa mashine wenyewe. Swichi haikuwekwa nyuma ya mti unaozunguka, ambako mtu anapohitaji kuzima ndipo anaogopa kupeleka mkono. Ilikaa upande wa mkia, usawa wa nyonga, hata paja linaweza kuizima. Na mota ilijaribiwa kwanza bila mkanda, kuona inazungukia wapi. Mti unatakiwa utoke juu ukishuka mbele ya mkereza, kuelekea kwenye patasi. Ukizunguka kinyume, patasi haikati, na sahani ya bakuli inaweza kujifungua yenyewe kwenye hesi na kuondoka na kazi.

Puli zilimchukua muda zaidi. Zilikuwa mbili zenye ngazi nne kila moja: inchi 2, 3, 4 na 5 motani, na hizohizo zimegeuzwa kwenye mhimili. Kwa chaki, juu ya ubao wa ukuta, aliandika mota 1,440 kwa dakika, akagawa na kuzidisha: 580, 1,080, 1,920, 3,600, kwa kukadiria. Pembeni akaandika kanuni inayojulikana kwa wakereza wa nchi nyingi: kipenyo cha mti kwa inchi, zidisha kwa mizunguko, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 likae kwenye 580, ambako hesabu inatoa 5,800, chini kidogo ya kanuni, na kwa mti ambao haujawa duara chini ndiko salama. Mguu wa meza wa inchi 3 uanze 1,080 ukiwa bado na pembe, uhamie 1,920 ukishaviringika. Ngazi ya mwisho, ile ya 3,600, aliizungushia mstari.

"Hii huiwekei kitu kinachozidi inchi mbili. Hata nikiwa sipo."

"Na nikisahau, mjomba?"

"Ndiyo maana imeandikwa ukutani, sijaandika kichwani kwako."

Mkanda ulipokaa, aliubonyeza katikati kwa dole gumba. Ulishuka nusu inchi. Mkanda uliokazwa zaidi ya hapo hula beringi. Uliolegea huteleza na kunuka mpira patasi inapoingia ndani.

Taa ya tyubu iliyokuwa bandani aliihamishia kwenye kona ya mbao, mbali na mashine. Tyubu za kawaida huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu, na mti unaozunguka kwa kasi fulani chini yake unaweza kuonekana umesimama. Juu ya mashine alitundika balbu, na dirisha likabaki upande wa kushoto.

Halafu kiegemeo. Ni kipande cha chuma chenye umbo sahili kuliko vyote, ukingo tu wa kulazia patasi, na ndicho kinachoamua kama mstari uliokatwa utakuwa laini. Kile kilichokuja na mashine kilikuwa na makovu ya mabwana wake wa zamani, vijibonde ambavyo patasi inapoteleza huangukia na kurukia. Fundi alikibana kwenye jiliwa akakipiga tupa kwa urefu, mkono mmoja kwenye mpini, mwingine ukiongoza ncha, akisogea na tupa kwa mwili wote. Baada ya kila mapito machache alifunga macho na kupitisha kidole. Tupa ilipomaliza, msasa. Msasa ulipomaliza, mshumaa.

Kwenye kunoa ndipo tofauti ya watu huonekana. Ana patasi tano: bobari pana ya kuviringishia, bobari nyembamba ya mabonde, patasi ya mshazari, ya kutenganishia, na moja butu ya kukwangulia ndani ya bakuli. Mbili ni za chuma cha kasi, ngumu, zinazovumilia moto. Mshazari ulifuliwa na mhunzi kutoka springi ya gari, chuma chenye unyumbufu. Kijana alikuwa ameokota tupa kuukuu akiona itafaa kugeuzwa patasi, na fundi akaitupa kwenye ndoo: tupa ni ngumu lakini haina subira, ikinaswa na mti huvunjika vipande kuelekea usoni.

Alisimama mbele ya jiwe jeupe la mota, akaweka bobari pana juu ya kitako chake na kuigusisha kwa kisigino cha mchongoko, si kwa makali. Kisha akauinua mpini kidogokidogo hadi cheche za kwanza zikapita juu ya ukingo. Hiyo ndiyo alama kwamba jiwe limeyafikia makali. Akaiviringisha bobari kulia, kushoto, mara moja kila upande, kwa mwendo mmoja usiokatika, akaiondoa. Mchongoko ukabaki na uso mmoja unaong'aa, nyuzi 45. Mtu asiyejua hunoa kwa kubana, ukingo ukageuka bluu. Kwa chuma cha springi, bluu ile maana yake ugumu umekwenda, na sehemu hiyo yote inabidi isagwe. Mshazari wake aliuchovya majini kila baada ya mguso. Mwisho akaufuta kwenye kinoo cha mafuta, akaujaribu kwenye ukucha wa dole gumba. Ulikamata.

Siku ya kuwasha ilikuwa Ijumaa. Kijana alirudi msikitini moja kwa moja akaingia bandani na kanzu yake, mikono mirefu.

"Kavue hiyo, mjomba. Mashine haijui nguo ya sala."

Akarudi na fulana na miwani ya kukinga macho. Glavu hazikuwepo, na hazitakuwepo. Kitu chochote kinachoweza kunaswa kinavuta na mkono uliomo.

Mti wa kwanza ulikuwa kipande cha mtiki wa Longuza, inchi 2 kwa 2, urefu inchi 12, na kazi ya kwanza haikuwa mguu wa meza. Ule mshazari wa mhunzi haukuwa na mpini. Fundi alichora mistari miwili ya pembe kwa pembe kila mwisho wa mti, akapata katikati, akatoboa kwa msumari. Upande wa kichwa alikata mistari hiyo kwa msumeno, kina kidogo, ili meno manne ya ncha yapate pa kushika, kisha akaigonga ncha kwenye mti kwa nyundo ya mti akiwa juu ya benchi. Kuigonga ikiwa mashineni kungepeleka pigo kwenye beringi zake mpya. Akauweka mti, akausogeza mkia, akakaza. Kiegemeo kikaja hadi nafasi ya kidole kimoja. Akauzungusha mti kwa mkono duara zima kuona pembe hazigusi. Alisimama kando ya mstari wa mzunguko. Akawasha.

Mashine ilitoa mvumo mmoja usiopanda wala kushuka. Fundi aliweka kiganja juu ya kichwa chake, kisha juu ya reli, kisha kwenye stendi, akishuka. Juu ya reli aliweka sarafu, imesimama kwa ukingo. Sarafu ilibaki imesimama. Kijana akacheka kwa furaha; fundi aliiokota na kuitia mfukoni.

Bobari iliingia kwa kisigino. Mchongoko ukasugua pembe zinazopita bila kukata, tak-tak-tak, mpini ukapanda kidogo, na maranda ya kwanza yakaruka, mafupi, kisha yakarefuka kadiri pembe zilivyoisha. Mkono wa kushoto ulishika chuma juu ya kiegemeo, wa kulia ulishika mpini ukiwa umebanwa na nyonga, na kilichosogea si mikono. Alihamisha uzito wake kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia, na patasi ikatembea mti mzima ikiwa na kina kilekile. Sauti ilibadilika kutoka kugongana hadi mnong'ono ulionyooka. Mti umekuwa duara.

Akazima, akaugusa, akanoa. Mtiki una chembe za silika ndani yake zinazokula makali, na anayesubiri hadi patasi ianze kuchuna amechelewa. Akahamisha mkanda hadi 1,920. Mshazari, ukiwa bado umefungwa tambara mahali pa mpini, ulipita mara moja kutoka kulia kwenda kushoto, ukikata kwa sehemu ya kati ya makali, na nyuma yake mti ukabaki unang'aa bila msasa.

Kisha akasogea kando. Kijana alipanda mahali pake. Jukwaa lilikuwa limeondolewa tayari. Mikato yake ya kwanza ilirukaruka, na mjomba hakumshika mkono. Alimwambia alegeze mabega, akangoja. Alimwambia ashushe mpini, akangoja tena. Baada ya muda tumbo la mpini likajitokeza, nene upande mmoja kuliko fundi mwenyewe angeliacha. Mwisho wa mbele wakaupunguza kwa patasi ya kutenganishia, wakipima kwa kalipa, hadi pete iliyokatwa kutoka bomba la shaba ikaingia kwa kugongwa. Pete hiyo ndiyo itakayozuia mti kupasuka mkia wa patasi utakapoingia. Wakatoboa tundu kwa keekee ya mkiani, mti ukizunguka kwa 580, na lilifuata kiini hadi lilipotakiwa kuishia.

Kijana aliuliza kama aupunguze ule upande mnene. Fundi aliushika mpini, akaugeuza, akamrudishia na kumwambia aushike kama anakereza. Vidole vyake virefu vilikutana juu ya unene ule bila kubana.

"Uache. Huu ni wako. Wangu utautengeneza kesho, mwembamba."

Kipande cha pili cha mtiki kilikuwa tayari benchini, kimechorwa mistari ya pembe kwa pembe pande zote mbili.